Joseph Thomson, Msafiri Aliyejua Kurudi

Kila mwanafunzi aliyepata kuziona nyika za Kenya na Tanzania amjua swala tomi, yule mnyama mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni na mkia usiotulia hata kidogo. Lakini ni wachache wajuao kwamba hilo tomi ni jina la mtu, lililofupishwa. Mtu huyo ni Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyefariki zamani, mwaka 1895. Nimechagua kuwaandikia habari za maisha yake, ndugu wanafunzi pamoja nanyi wazee wetu mliokwisha ondoka shuleni, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alipita kwa miguu katika nchi hii ya Busia, ambayo wengi wetu twatoka huko au twaipita tuendapo likizo. Ya pili ni kwamba alipokuwa huku alifanya jambo ambalo watu wasomao habari za wasafiri hulipita upesi bila kulifikiri. Jambo lenyewe ni hili: alirudi.

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya ndugu watano wa kiume. Baba yake alikuwa mwashi, na baadaye akawa na machimbo ya mawe mahali paitwapo Gatelawbridge. Nchi hiyo ni ya vilima, mito midogo na misitu. Karibu na machimbo kuna korongo jembamba lenye miti na maporomoko, liitwalo Crichope Linn, ambalo hata leo watu hulitembelea wakati wa likizo. Katika nchi ya namna hiyo ndimo alimokulia. Alifanya kazi ya mawe pamoja na baba yake, na saa za mapumziko alitembea vilimani akiokota mawe, akichuma majani na maua, akitaka kujua kila kitu jina lake na asili yake.

Matembezi hayo hayakuwa mchezo wa bure. Kijana alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh alijifunza elimu ya miamba kwa Profesa Geikie, bingwa wa elimu hiyo, na yale aliyokuwa ameyaona kwa macho yake vilimani yalimsaidia kuyafahamu yaliyomo vitabuni. Alimaliza masomo mwaka 1878. Mwaka huohuo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kikitengeneza safari ya kwenda maziwa ya Nyasa na Tanganyika chini ya Bwana Keith Johnston. Thomson akaomba, akachukuliwa awe msaidizi wake. Umri wake ulikuwa miaka 20.

Safari ikaondoka Dar es Salaam mwezi wa Mei 1879, ikiwa na wapagazi wapatao 150. Nyapara wao mkuu alikuwa Chuma, yule mwaminifu ambaye pamoja na Susi na wenzao waliuchukua mwili wa Dakta Livingstone mpaka pwani. Hata mwezi wa pili haujaisha, Bwana Johnston akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafa Behobeho tarehe 28 Juni. Basi fikirini, wasomaji. Kijana wa miaka 21, ambaye hajapata kuongoza hata watu kumi, amesimama porini na kaburi la mkubwa wake, na wapagazi wanamtazama waone atasema nini. Angerudi pwani hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitazama akaona kwamba watu ni wazima, mali ipo, na Chuma aijua kazi yake. Akaendelea mbele. Alifika Nyasa, akafika Tanganyika, akarudi pwani mwaka 1880 bila kupigana vita na mtu yeyote.

Nakumbusheni jambo hili mapema ili mtu asidhani kwamba Thomson alikuwa mwoga. Mtu mwoga hurudi kila mara, na mtu mjinga huenda mbele kila mara. Thomson hakuwa mmojawapo wa hao.

Mwaka 1881 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alimtuma mto Ruvuma kutazama makaa ya mawe yaliyosemekana kuwako huko. Thomson akaenda, akachunguza, akaona kwamba si makaa yawezayo kufaa kazi. Akamwambia Sultani kweli hiyo, ingawa alijua haitampendeza. Na kweli, haikumpendeza.

Kisha ikaja safari iliyomletea sifa kuliko zote. Chama cha Jiografia kilitaka kujua kama iko njia fupi kutoka pwani ya mashariki mpaka ziwa Victoria, kwa kupita nchi ya Wamasai. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiingia nchi hiyo kununua pembe za ndovu, lakini kwa makundi makubwa yenye bunduki nyingi, na hata hivyo wengine hawakurudi. Kwa hiyo Thomson alipotafuta wapagazi, walio hodari walikataa. Aliowapata wengi wao walikuwa watu wasiotakiwa na wengine. Msaidizi wake alikuwa James Martin, baharia wa kisiwa cha Malta asiyejua kusoma wala kuandika, lakini mwaminifu kupita wengi wenye elimu. Kati ya manyapara wake walikuwamo Makatubu na Muinyi Sera. Wakaondoka upande wa Mombasa mwezi wa Machi 1883.

Walipita Taveta, wakazunguka Kilimanjaro, wakaingia nchi ya Wamasai. Hapo wakapata habari mbaya. Mjerumani mmoja, Dakta Fischer, alikuwa ametangulia kwa njia nyingine na amepigana na Wamasai, na sasa wapiganaji walikuwa na hasira na kila msafiri. Thomson akaona kwamba kwa watu wachache aliokuwa nao, kuendelea ni kuwapeleka wenzake kuuawa. Akangoja giza, akarudi Taveta. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Kisha akaenda Mombasa kuongeza watu na mali, akaanza tena, na safari hii alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za huko na desturi zake.

Katika nchi ya Wamasai hakutumia bunduki kama njia ya kupita, bali alilipa hongo, akavumilia matusi, akakaa siku nzima akitazamwa na kuguswaguswa kama mnyama wa maonyesho. Alikuwa na meno mawili ya bandia, nayo aliyatoa kinywani akayarudisha, mpaka Wamasai wakasadiki kwamba yeye ni laiboni mkubwa. Alitia dawa ya unga katika maji, maji yakachemka bila moto, wakazidi kustaajabu. Twaweza kucheka, lakini twapaswa pia kufikiri kwamba ni afadhali kumshangaza mtu kwa meno kuliko kumshangaza kwa risasi. Methali aliyoipenda Thomson ilikuwa ya Kitaliano, nayo maana yake ni ileile ya methali yetu isemayo kwamba mwenda pole hajikwai.

Si kwamba alikuwa malaika. Wapagazi waliochelewa njiani aliwachapa, naye mwenyewe hakuficha jambo hilo katika kitabu chake. Tena alipita akiipa majina ya watu wake milima na maporomoko yaliyokuwa na majina yao tangu zamani. Milima ya Nyandarua aliiita Aberdare, kwa heshima ya mkuu wa Chama cha Jiografia, na maporomoko ya Nyahururu yaliitwa maporomoko ya Thomson kwa muda mrefu. Siku hizi majina ya wenyeji yanatumika pia. Naye swala bado ana jina lake.

Kutoka Baringo, mwezi wa Novemba 1883, aliacha nyuma wagonjwa na baadhi ya mizigo, akashika njia ya magharibi pamoja na watu waliochaguliwa. Walivuka uwanda wa Uasin Gishu, ambao wakati huo haukuwa na watu kwa sababu ya vita vya Wamasai wao kwa wao. Halafu wakateremka katika nchi iliyoitwa Kavirondo, nao wakadhani wameingia peponi. Baada ya majuma ya njaa na nyama ya porini walikuta mashamba, kuku, maziwa na viazi vitamu, tena kwa bei ya shanga chache. Thomson aliandika kwamba watu hao, ambao hawakuvaa nguo nyingi, walikuwa na mwenendo mwema kuliko wengi wa wale waliovaa. Neno hilo lafaa kukumbukwa na kila mtu apendaye kuhukumu wenzake kwa mavazi.

Alifika mji uliojulikana kwa watu wa pwani kwa jina la Kwa Sundu, ndio Mumias wa leo. Nabongo Shiundu alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe Mumia, ambaye alikuja kuishi mpaka 1949, ndiye aliyempokea. Kutoka huko Thomson alivuka mto Nzoia, akaenda upande wa vilima vya Samia. Tarehe 10 Desemba 1883 akasimama kwenye ukingo wa ziwa Victoria, katika ghuba tunayoiona leo kutoka Busia kusini. Hakuna Mzungu kabla yake aliyefika ziwani kwa njia hiyo ya nchi kavu kutoka Mombasa.

Hapa nitatua kidogo, maana mahali hapa napajua. Likizo iliyopita sisi wanafunzi sita tulipewa ruhusa na wazazi wetu kutembea kwa miguu siku nne katika nchi hiyo. Tulianzia Tororo, tukashuka Busia, mji uliokatwa na mpaka ukawa miji miwili yenye jina moja, kisha tukaelekea Funyula na vilima vya Samia. Njiani tuliona mivule michache mikubwa iliyobaki, ambayo wazee walituambia kwamba zamani ilikuwa mingi. Katika mabwawa ya mto Sio tuliona mafunjo yaliyosimama kama ukuta, na korongo wenye taji wakitembea wawili wawili kama mabwana wanaokagua shamba. Mwenzetu mmoja alikuwa na daftari akiandika majina ya ndege na miti kwa Kisamia, Kiteso na Kiswahili. Mwingine aliokota mawe mekundu mazito, akaambiwa na mzee mmoja kwamba Wasamia wa zamani walikuwa wahunzi hodari, waliyeyusha mawe ya namna hiyo na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Nilifikiri kwamba Thomson, mtoto wa mwashi, angefurahi kukaa na mzee yule.

Tulipopanda juu ya kilima tukaona ziwa lote limelala mbele yetu, na magharibi vilima vya Uganda, vya rangi ya bluu. Hapo ndipo nilipofahamu vema uzito wa jambo alilolifanya msafiri huyu. Kutoka hapo mpaka mahali mto Nile utokapo ziwani ni siku chache tu za mwendo. Huko Nile ndiko macho ya wasafiri wote wa wakati ule yalikoelekea. Mtu aliyekwisha tembea miezi tisa, aliyedharauliwa, aliyekaa na njaa, sasa abakiza siku chache tu kupata sifa nyingine kubwa. Angewezaje kugeuza uso wake?

Lakini Thomson alihesabu. Yeye mwenyewe alikuwa na homa. Mali ya kulipia njia ilikuwa imepungua. Na nchi iliyokuwa mbele yake ni Busoga, mlango wa nyuma wa Buganda, ambao wafalme wa Buganda hawakupenda mgeni aupite. Zaidi ya hayo, nyuma yake walikuwako wagonjwa wakimngoja Baringo. Basi akageuka. Hiyo ndiyo mara ya pili.

Ili tujue kama aliamua vema, na tutazame yaliyotokea miaka miwili baadaye. Mwaka 1885 Askofu James Hannington, mtu hodari mwenye imani, aliyependa kutembea na kukusanya mimea kama Thomson, alikuja kwa njia hiyohiyo. Alifika Kwa Sundu mwezi wa Oktoba. Akamwacha hapo kasisi wake Mwafrika, William Jones, pamoja na sehemu kubwa ya msafara, naye akaendelea na watu 50 kuelekea Busoga. Mfalme mpya wa Buganda, Mwanga, aliwaogopa wageni watokao mashariki, akidhani wamekuja kuila nchi. Askofu akakamatwa kwa chifu Luba, akafungwa siku nane, akauawa tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na karibu wapagazi wake wote. Ni watu wachache sana waliookoka wakamletea Jones habari. Kanisa lamheshimu Hannington kuwa shahidi, nasi tulio katika shule ya misheni twamheshimu. Wala simwandiki hapa ili nimlaumu, maana yeye alikwenda kwa wito wake. Nataka tu tukumbuke kwamba wale wapagazi nao walikuwa na mama zao, na majina yao hayasomwi kanisani. Watu wa Thomson waliokuwa Samia walirudi kwa watoto wao.

Kutoka ziwani Thomson alikwenda kaskazini mpaka mlima Elgon, mlima ambao siku isiyo na mawingu huonekana vizuri kutoka juu ya jiwe la Tororo. Huko aliona mapango makubwa ambamo watu waliishi pamoja na ng'ombe wao. Alistaajabu sana, akafikiri kwamba mapango hayo yalichimbwa na taifa la kale lililotafuta madini. Leo tunajua kwamba maji ndiyo yaliyoanza kuyachimba, na kwamba katika mengine ndovu huingia usiku kuchokoa kuta kwa pembe zao wapate chumvi. Hivyo hata mtaalamu wa miamba aweza kudanganywa na mwamba.

Siku ya mwisho ya mwaka 1883, akiwa njiani kurudi Baringo, alimpiga nyati risasi akidhani amekufa. Nyati akainuka, akamtupa juu na kumchoma pembe pajani. Hakupona sawasawa kabla ya kupatwa na ugonjwa wa kuhara damu, akalala wiki nyingi kibandani kati ya kufa na kupona. Martin alimwuguza, na wapagazi wale waliosemwa kuwa hawafai ndio waliombeba kwenye machela. Akafika pwani mwezi wa Mei 1884. Mwaka 1885 alitoa kitabu cha safari hiyo, na Chama cha Jiografia kikampa nishani ya dhahabu. Alikuwa na miaka 27.

Baada ya hapo hakutulia. Mwaka 1885 alikwenda Sokoto, mwaka 1888 alipanda milima ya Atlas huko Moroko. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes ilimtuma Katanga kwa mfalme Msiri kutafuta mkataba. Ndui ikaingia katika msafara wake, wapagazi wakafa na vijiji vikawafungia njia. Thomson akarudi bila kumfikia Msiri. Hiyo ndiyo mara ya tatu. Mwaka 1891 msafara mwingine, wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulifika huko, na Msiri akauawa kwa risasi. Katika jambo hilo sina budi kusema wazi kwamba kazi ya wasafiri hawa, hata walio wapole, ilifungua mlango kwa walioichukua nchi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1902 nchi ya Mumias na Busia ilitolewa Uganda na kutiwa upande wa Kenya, bila wenyeji kuulizwa.

Thomson aliwaokoa wengi kwa kujua kurudi, lakini mwili wake mwenyewe hakuurudisha kwa wakati. Homa, kuhara damu na maradhi aliyoyapata safarini vilimwisha nguvu. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37 tu, akazikwa katika nchi ya vilima alikozaliwa.

Ndugu wasomaji, likizo zinapokaribia wengi wetu hupanga kupanda majabali, kuingia misituni na kuvuka mito. Hilo ni jema, maana shule haifundishi kila kitu, na macho yasiyotembea huzeeka upesi. Chukueni daftari. Waamkieni wenyeji kabla ya kupita katika mashamba yao, na waulizeni mahali paitwaje kabla ya kupapa jina. Mkipanda jiwe la Tororo nanyi mkaona wingu jeusi latoka upande wa ziwa, na yuko mmoja wenu aliyechoka, shukeni. Radi za nchi hii hazingoji mtu amalize ngazi. Jiwe lile limesimama tangu kabla ya babu zetu, na litakuwapo likizo ijayo. Sifa ya kiongozi haihesabiwi kwa mahali alipofika peke yake, huhesabiwa pia kwa idadi ya wale aliowarudisha nyumbani.